Mama Asiyetaka Kuuguzwa

Mama yangu alianguka uani saa kumi na moja alfajiri, mikononi kabeba beseni la unga wa vitumbua uliokwisha kuumuka. Saruji ilikuwa imemwagikiwa maji ya kuoshea mchele. Jirani aliyesikia kishindo alimkuta ameegemea ukuta, mguu wa kulia umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake, naye anatoa amri: kwanza jiko lizimwe, pili wateja waambiwe leo hakuna vitumbua, tatu mtu yeyote asinipigie simu Dar es Salaam kunitia hofu bure. Nilipigiwa saa tatu baadaye.

Ana miaka 71. Mjane wa siku nyingi, aliyetusomesha watoto wanne kwa kikaango, na mpaka leo hajawahi kuniomba nauli. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alipasuliwa, akawekewa kichwa cha chuma badala ya kile cha mfupa wa paja, nami nikachukua likizo nikahamia Tanga kumuuguza. Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa ugomvi.

Siku tuliyotoka hospitali nilimfungua pindo la kanga nikachukua funguo zake: za kabati, za stoo, za kisanduku cha hela. "Pumzika, Mama. Mimi nipo." Hakujibu. Siku mbili hakusema neno, na chakula akila vijiko vitatu anasukuma sahani. Nikadhani ni maumivu. Siku ya tatu mpwa wangu wa miaka tisa akaja jikoni kunieleza, kwa sauti ya siri: "Bibi anasema amewekwa kizuizini."

Nikazirudisha funguo. Jioni ile aliomba uji, akaukosoa kwamba hauna chumvi, nikajua ameanza kupona.

Haya ninayoyaandika ni kwa wenye mama wa namna hiyo. Maumivu wanayaweza; walizaa nyumbani, walibeba kuni, walizika. Wanachokiogopa ni kugeuzwa wageni ndani ya nyumba zao wenyewe. Kwa hiyo anayemuuguza ana kazi mbili kwa mpigo: mama asianguke tena, na mama asipokonywe enzi yake. Ukiifanya ya kwanza ukaisahau ya pili, atakutoroka usiku aende msalani peke yake, na hapo umekosa zote.

Asichuliwe

Mtu mzima akianguka, akashindwa kunyanyuka, mguu ukaonekana mfupi na unyayo umelalia nje, hiyo ihesabu ni nyonga mpaka picha ya eksirei ikanushe. Asikandwe kwa maji ya moto, asichuliwe kwa mafuta, asinyooshwe. Mtaani kwetu yupo mzee anayesifika kwa kuunga mifupa, na jamaa walikwisha kumtuma kijana akamwite. Mfupa wa mkono uliopata ufa tu huenda ukapona kwa vijiti vyake, maana mfupa ukitulizwa hujiunga wenyewe. Shingo ya paja ni habari nyingine. Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupita palepale palipokatika, na kumvutavuta mgonjwa ni kuongeza uharibifu. Weka mto katikati ya miguu, funga mguu mbaya kwenye mzima kwa kanga mbili, mlaze juu ya ubao au mlango, mpeleke palipo na daktari wa mifupa.

Upasuaji wa nyonga unatakiwa ufanyike mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili. Sisi tulisubiri sita: mara damu, mara foleni, mara kifaa hakijapatikana. Ukikwama hivyo, kila asubuhi uliza kwa adabu ni kitu gani hasa kinachosubiriwa na nani wa kukileta. Wakati huohuo weka kitambaa kilichokunjwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro, kwa kuwa vidonda vya kulala huanzia hapo na kwenye makalio. Mwambie avute pumzi ndefu mara kumi kila saa akiwa macho, mapafu yasijae makohozi. Na waulize wauguzi namna ya kumgeuza bila kumuumiza.

Usimsemee

Daktari aliniuliza mimi, "Bibi anatumia dawa gani?" Mama akiwa pale kitandani akadakia: "Mwenye mwili yupo hapa, hajafa bado."

Tangu siku ile nilikaa upande wa daftari. Yeye hujibu, mimi huandika. Kabla ya kuruhusiwa tulipata majibu ya maswali manne, nawe usitoke wodini bila hayo: aukanyagie mguu kwa uzito gani? Miendo gani ni marufuku, na mpaka lini? Dawa ya kuzuia damu kuganda anayo, na inaisha siku gani? Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atamwona lini?

Mama alipewa marufuku tatu za miezi mitatu: asikunje nyonga kupita pembe ya mraba, yaani goti lisipande juu ya nyonga, asikunje nne, asiusokotee mguu ndani. Mama yako anaweza kuwa na masharti mengine, kwa kuwa yanategemea amepasuliwa vipi. Lililo muhimu ni masharti yatoke kinywani mwa daktari, yaingie sikioni mwa mama mwenyewe. Baadaye nyumbani hutakuwa wewe unayemkataza. Utamkumbusha tu walichokubaliana.

Jambo moja sikuwa nimeambiwa, nalo lilinitoa machozi. Usiku wa pili baada ya upasuaji aliniita kwa jina la dada yake marehemu, akataka tushuke kwenye jahazi kabla maji hayajatoka. Nesi wa zamu akanieleza kwamba wazee wengi huchanganyikiwa namna hiyo baada ya upasuaji, na mara nyingi kuna cha kuchochea: homa, upungufu wa maji, maumivu, dawa kali, mkojo uliozuilika. Mwite nesi mara moja ili chanzo kitafutwe. Mvalishe miwani yake, fungua pazia mchana, usibishane naye kuhusu jahazi. Siku ya nne alirudi mwenyewe, akaniuliza kwa nini nimekonda.

Nyumba zetu zimejengwa kwa kukaa chini

Ukitaka kujua namna maisha yetu yalivyo karibu na sakafu, rudi nyumbani na mtu asiyeruhusiwa kuinama. Mkeka uko chini. Kigoda kiko chini. Jiko la mkaa liko chini. Mbuzi ya kukunia nazi iko chini. Choo ni cha kuchuchumaa. Vyote hivyo vinaikunja nyonga kupita kiasi.

Basi kabla hajarudi, mwite fundi seremala. Chukua kipimo cha mama toka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kitanda na kiti vizidi kipimo hicho kidogo, ili akikaa magoti yawe chini ya nyonga. Kitanda chetu kilinyanyuliwa kwa vigogo vinne vilivyochimbwa kishimo katikati, miguu ya kitanda isiteleze. Kochi la kuzama tulilitoa sebuleni. Kiti chake ni cha mbao, kina mikono ya kushikilia, na foronya iliyojazwa magunia kwa sababu sponji inadidimia.

Choo ndicho kilichotuumiza kichwa. Fundi akatengeneza kiti kizito cha miguu minne iliyotanuka, kakata tundu katikati, kapiga msasa kingo zote, akaweka mikono miwili; kinakaa juu ya tundu la choo na chini ya miguu yake kuna mpira uliokatwa kutoka tairi. Mwashi akachimbia bomba la chuma ukutani kwa saruji. Mtu akiyumba hushika chochote kilicho karibu, na msumari wa taulo haumzuii mtu. Fanya vivyo hivyo bafuni.

Kisha ukague njia ya kutoka kitandani mpaka chooni kana kwamba ni barabara. Mikeka na zulia viondoke. Waya wa redio uondoke. Taa ndogo ya sola iwake usiku kucha. Ndala ziwekwe kando. Avae kiatu chenye kushika kisigino na soli ya mpira. Kanga isiburuze. Na maji ya mchele yamwagwe kwenye mtaro. Hilo la mwisho mama alilitangaza mwenyewe, kwa ukali, kama vile mmoja wetu ndiye aliyeyamwaga.

Hatari yake ni kuzidisha

Siku moja baada ya upasuaji walimnyanyua. Nilidhani wanamtesa. Kumbe kitanda ndicho adui: aliyelala tu hushikwa na nimonia, damu huganda miguuni, misuli inayeyuka, vidonda vinatoboka. Kama daktari ameruhusu, mama asimame mapema na mara nyingi, kila mara kwa muda mfupi.

Mazoezi yetu ya nyumbani yalikuwa mepesi kuyakumbuka. Akiwa kitandani, nyayo juu na chini mara kumi kila saa. Kukaza paja kwa hesabu ya tano, kisha kulegeza. Kusimama na kukaa kitini mara tano, asubuhi na jioni. Kutembea na fremu kuna mpangilio: fremu kwanza, mguu mgonjwa, kisha mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na mgonjwa hutangulia kushuka. Akihamia kwenye mkongojo, aushike kwa mkono wa upande usioumia, na urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama wima mikono imening'inia.

Watu wengi hulalamika kwamba mgonjwa wao hataki mazoezi. Mama mkakamavu ana ugonjwa wa pili. Siku ya nane nilimkuta uani, fremu mkono wa kushoto, ufagio mkono wa kulia. Kumwambia "jitahidi" ni kumwaga mafuta motoni. Mpe idadi. Safari tatu mpaka mlangoni, basi. Acha achague saa: kabla ya chai au baada? Mtu aliyechagua saa hujihisi ameamua yeye. Na mpe kipimo cha kujihukumu: akiamka na maumivu au uvimbe zaidi kuliko jana, leo apunguze nusu. Mama yangu hakupenda kunisikiliza, lakini mguu wake aliusikiliza.

Kazi iwe ya kweli

Kumkabidhi mama kama huyu rimoti ya televisheni ni matusi. Anataka kazi ambayo isipofanyika kuna mtu atalala njaa. Sisi tulimrudishia biashara yake kwa vipande.

Wiki ya kwanza: funguo, hesabu ya mauzo, kuonja. Wiki ya pili: kuchambua mchele na kumenya vitunguu akiwa kwenye kiti chake kirefu. Baada ya wiki sita, kliniki ilipopiga picha na kuridhika: kusimama mezani na kuchanganya unga. Mafuta ya moto yalikuja mwisho kabisa, maana mtu ambaye mikono yake imeshika fremu hana mkono wa kujiokoa.

Msaidizi naye aingie kwa mlango unaofaa. Tulikuwa tumempata binti wa jirani, na kaka yangu alikuwa tayari kumtambulisha kama "wa kumwangalia Mama." Nikamwahi: "Mama, huyu anataka kujifunza vitumbua." Ilikuwa kweli, binti alikuwa ametamka hivyo. Toka siku hiyo Mama alimwamrisha, akamsimanga, akamfundisha kuhisi uzito wa unga kwa kidole, na katikati ya masomo binti akawa anamsogezea fremu, anamvalisha kiatu, anamshika kiwiko. Hakuna aliyeitwa mgonjwa.

Mbuzi ilibaki tatizo, kwani kukuna nazi ameketi chini kulikatazwa. Fundi wetu wa choo akakichomoa kile chuma, akakifungia kwa boliti ukingoni mwa benchi la kufika kiunoni. Mama aliitazama muda mrefu. "Mbuzi imesimama kwa miguu ya nyuma," akasema, akaomba nazi.

Aibu

Hapa watoto wengi huharibu kwa haraka. Usiamue nani atamwogesha, muulize. Mama alimtaka dada yake mdogo, asipokuwepo basi mimi. Kaka yangu, anayeishi mtaa wa pili, alipewa maji: kuyachemsha, kuyabeba, kukaa nje ya mlango akisikiliza. Alipewa pia kliniki na teksi. Mwana wa kiume ana kazi tele katika uuguzi bila kumvua mama yake heshima.

Aoge akiwa ameketi, kanga mwilini, nawe unapitisha maji chini ya kanga. Dodoki lililofungwa kwenye kijiti kirefu linamwezesha kufika miguuni mwenyewe bila kuinama, na kila anachojiosha mwenyewe ni ushindi. Kidonda kikae kikavu mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14.

Kuhusu swala, nilipomwambia aswali kitini alinikatalia kabisa. Nikamwita shekhe wa msikiti wetu. Akaja, akanywa kahawa, akamweleza kwamba mgonjwa anayo ruhusa ya kuswali ameketi. Likaisha. Kila mama ana mtu mmoja ambaye neno lake linapita, awe padri, shoga yake wa ujana au mdogo wake, mtafute mapema.

Dawa, chakula na wageni

Dawa ya maumivu itolewe nusu saa kabla ya mazoezi, isisubiri mpaka alie, kwa kuwa mama huyu halii. Parasetamo ya mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye mwili mdogo au ini dhaifu hupewa pungufu. Diklofenaki inayouzwa duka la dawa kama pipi inaweza kumdhuru mzee mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo zilizochoka. Asinunuliwe bila kumwuliza daktari. Dawa kali za maumivu hufunga choo: maji, papai na mboga za majani viwepo tangu siku ya kwanza.

Mfupa na misuli vinahitaji protini. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mayai, maziwa mtindi, kunde, samaki. Mama hali vingi kwa wakati mmoja, hivyo tulimpa kidogo mara tano. Asubuhi kiti chake kilitolewa uani apate jua, maana ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua, na mzee aliyefungiwa ndani hupungukiwa nayo.

Wageni ni dawa pia, ila wana kipimo. Kuna wanaokuja kumjulia hali wakiwa na hadithi ya shangazi fulani aliyevunjika hivyohivyo asiinuke tena. Mweke mtu mlangoni mwenye ulimi mzuri. Na ndugu walio mbali, kwenye kundi la familia, wapewe majukumu yenye jina na tarehe: huyu nauli ya kliniki, huyu dawa, huyu aje wiki mbili zamu yangu ikiisha. Maneno "tuko pamoja" hayalipi fundi. Tanzania, aliyefika miaka 60 anahesabiwa mzee kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, na asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure. Ulizia dirisha la wazee, na barua ya serikali ya mtaa uwe nayo mkononi.

Usisubiri kliniki

Mrudishe hospitali siku hiyohiyo ukiona mguu mmoja umevimba na shavu la mguu linauma. Kidonda kinatoa usaha au homa inapanda. Mguu umekuwa mfupi ghafla na hawezi kuukanyagia. Au amechanganyikiwa kwa ghafla. Pumzi ikimkata au kifua kikimbana, usisubiri hata kuvaa viatu.

Na mguu ukishapona, tafuta kwa nini alianguka. Nilipeleka lawama zote kwa maji ya mchele, mpaka kipimo kilipoonyesha mtoto wa jicho upande wa kulia. Dawa za presha nazo humfanya mtu aone kizunguzungu akisimama ghafla. Azoee kuketi ukingoni mwa kitanda dakika moja kwanza. Muulize daktari kuhusu mifupa yenyewe. Baada ya hedhi kukoma, homoni inayolinda mifupa hushuka na mifupa ya wanawake hupungua uimara. Aliyevunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe yuko katika hatari ya kuvunjika tena, na dawa za kuimarisha mifupa zipo.

Niliondoka Tanga mwezi wa nne. Mama alikuwa na mkongojo, anaushika kwa mkono sahihi kila akijua ninamtazama. Asubuhi ya safari alinisindikiza mpaka barazani, akafungua pindo la kanga, akahesabu funguo zake moja moja, akaichomoa ya mlango wa nje, akanipa.

"Si kwamba nitashindwa kukufungulia," akasema. "Ni wewe unapiga hodi kama polisi."